Soma picha kabla ya orodha: ushauri kwa wapelelezi wa kwenye kompyuta

Nikiulizwa ushauri mmoja tu kuhusu gemu za upelelezi za kutafuta vitu vilivyofichwa, jibu langu ni hili: usianze na orodha. Picha ikifunguka, ondoa mkono kwenye kipanya uitazame yote kwanza. Hapa ni kwa nani? Kipi kimekaa mahali pake, na kipi kimepachikwa tu? Ukishajua umeingia wapi ndipo ushuke kusoma majina ya vitu unavyotakiwa kuvitafuta.

Naandika hivi kwa sababu nafanya kazi kwenye steshenari hapa Mwanga, Kigoma, na mchana wateja wakipungua huwa nacheza gemu hizi. Vijana wanaokuja kuchapisha barua za maombi ya kazi huniona, huvutiwa, huenda kuzitafuta. Baada ya muda wanarudi na malalamiko yaleyale: gemu ngumu, macho yanauma, vidokezo vya kuonyesha kitu kilipo vimeisha. Nikiwaweka pembeni yangu wacheze, nakuta wote wanafanya jambo moja. Anasoma "ufunguo", macho yanaruka huku na huku, anaukosa, anasoma "mshumaa", anaanza upya. Kwa vitu kumi na viwili anaipitia picha ileile mara kumi na mbili, na hajaiona hata mara moja.

Kwa asiyezijua, gemu hizi hukupa picha iliyojaa vitu hadi pa kutia kidole hapaonekani: maktaba ya tajiri aliyeuawa, stoo ya hoteli, behewa la treni. Chini yake kuna orodha ya majina. Unabofya kimoja kimoja mpaka orodha iishe, na humo humo unapata kile kimoja au viwili ambavyo ni ushahidi wa kesi. Zilivuma hasa kuanzia mwaka 2005, kampuni ya Big Fish Games ya Seattle, Marekani, ilipotoa Mystery Case Files: Huntsville. Mwaka uliofuata ikaja Ravenhearst, ambamo unazunguka jumba la kale huko Uingereza ukikusanya kurasa za shajara ya mwanamke aitwaye Emma. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba gemu ya kutafuta vitu inaweza kubeba hadithi ya kukunyima usingizi. Mwaka 2012 Wafaransa wa Pretty Simple wakaleta Criminal Case kwenye Facebook, baadaye ikaingia kwenye simu. Mwaka 2017 Wooga ya Berlin ikatoa June's Journey, hadithi ya miaka ya 1920 ya mwanamke anayechunguza kifo cha dada yake.

Sasa, kwa nini orodha inapofusha? Jicho la binadamu huona kwa ukali sehemu ndogo sana ya kilicho mbele yake, takriban upana wa kidole gumba ukiwa umenyoosha mkono. Kwingine kote ni ukungu ambao ubongo unajazia wenyewe. Kutazama picha, basi, ni kuihamisha sehemu hiyo ndogo kutoka hapa kwenda pale, na ubongo ndio unaoamua iende wapi. Ukiupa jina moja tu, utakupeleka pale unapodhani kitu hicho hukaa, na mengine yote utayapita. Mwaka 2013 watafiti wa Boston walichapisha jaribio walilowafanyia madaktari 24 wa mionzi. Waliwapa picha za mapafu wakawaambia watafute vinundu vya ugonjwa, na kwenye picha za mwisho wakamchomeka gorila, mkubwa mara nyingi kuliko kinundu chochote. Madaktari 20 hawakumwona. Mashine ya kufuatilia macho ilionyesha kwamba wengi wao walipitisha macho palepale alipokuwa.

Mfano wa upande wa pili tunao sisi wenyewe, safari ya boti kaskazini mwa mji huu. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akawa anakaa kilimani na darubini, akiandika chochote sokwe walichokifanya. Novemba ya mwaka uleule akamwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akitia shina la nyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Wakati ule wasomi walishikilia kwamba kutengeneza na kutumia zana ni kazi ya binadamu peke yake. Naamini angekwenda na orodha ya yale ambayo sokwe "anaweza" kufanya, lile la nyasi lingempita.

Mwenye kunifundisha kutazama hivyo ni baba mdogo. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini hapa Kigoma, na jioni hupenda kukaa nami mbele ya kompyuta. Orodha iko kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi nasoma kwa Kiswahili, yeye anatafuta. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia, "Baba, tafuta mkasi." Akajibu, "Subiri, sijafika huko." Alikuwa bado kwenye kona ya juu kushoto, kidole chake kikitembea taratibu juu ya rafu za vitabu. "Ghala halikimbiliwi, mwanangu. Unaingia kona hii, unatokea kona ile. Ukikimbilia gunia unalolitaka, utalihesabu mara mbili na mengine hutayaona." Alipofika chini kulia, aliniomba nisome orodha nzima, akaanza kunionyesha vitu kimoja baada ya kingine bila kutafuta tena, kwa sababu alikuwa ameshaviona njiani.

Fanya hivyo. Igawe skrini kwa macho katika mapande matatu ya kulala: juu, katikati, chini. Pita la juu kutoka kushoto kwenda kulia, rudi na la katikati kutoka kulia kwenda kushoto, maliza na la chini. Polisi wanaokagua eneo la tukio hutumia mtindo huohuo: hutembea kwa mistari, na eneo likiwa gumu huirudia kazi kwa mistari inayokatiza ile ya kwanza, ili kilichojificha kwa upande mmoja kionekane kwa upande mwingine. Picha ikikushinda kwa kulala, ipite kwa kusimama, kutoka dari hadi sakafu. Utashangaa idadi ya vitu vinavyojitokeza kwa kubadili njia tu.

Baada ya njia, jifunze tabia za wachoraji, maana hapo ndipo kuna utamu wote wa gemu hizi. Chukua hiyo maktaba ya tajiri, eneo ambalo gemu nyingi za upelelezi haziachi kuwa nalo. Ufunguo wa shaba hauwekwi mezani. Umechorwa wima juu ya mgongo wa kitabu cha kahawia, meno yake yameishia pale herufi za dhahabu zinapoanza, na jicho linaupita likidhani ni pambo la jalada. Mjusi amekuwa sehemu ya nakshi ya fremu ya picha. Mkia wake ndio mchoro wa kona. Mkasi unaonyesha tundu moja tu la mpini, makali yote yamezama nyuma ya chombo cha maua. Namba 7 ni kunjo la pazia. Farasi ana ukubwa wa kete ya sataranji, wakati sindano ina urefu wa dirisha na imelazwa juu ya fimbo ya pazia. Samaki, ambaye sisi watu wa ziwani tungemtafuta kwenye sahani, yuko kwenye taa ya dari, kati ya vioo, rangi yake imefifishwa hadi nusu.

Ukizifahamu hila hizo, unabadili unachotafuta. Usitafute mkasi, tafuta tundu la mpini. Usitafute ufunguo, tafuta meno. Puto litajulikana kwa kamba yake, mwavuli kwa ncha yake, nyoka kwa pale mstari wa reli ya ngazi unapovimba bila sababu. Sahau ukubwa, kwa sababu mchoraji anaubadili apendavyo, na rangi usiitegemee sana kwa sababu ndiyo silaha yake ya kwanza. Kitu chekundu kati ya vitu vya kijani hukurukia chenyewe, hilo mchoraji analijua, ndiyo maana hakuwekei. Umbo ndilo asiloweza kulibadili bila kukudhulumu. Kwa hiyo fuata pale ambapo mpangilio unavunjika: vitabu vyote vimesimama sawa isipokuwa kimoja, mbao zote zina mistari ya kulala isipokuwa mstari mmoja unaopinda.

Kuna sehemu za picha ambazo wachezaji huzisahau, nami huzipitia mara mbili: dari, miguu ya meza na viti, kingo mbili za pembeni, na ule ukanda mwembamba ulio juu tu ya orodha. Kitu kinapokatwa nusu na ukingo wa skrini, wengi hawakioni kabisa.

Kitu cha mwisho kwenye orodha kina tabia yake. Umebakiwa na jina moja, umeshachoka, na kila ukikodoa macho ndivyo kinavyozidi kupotea. Hapo sukuma kiti nyuma, ufumbe macho nusu, utazame picha kwa ujumla wake. Mara nyingi kwangu kitu cha mwisho si kidogo. Ni kikubwa mno: mashua iliyochorwa ukutani kwa rangi ya ukuta wenyewe, au uso wa mtu ulioundwa na matawi ya mti nje ya dirisha. Ulikuwa umekisogelea mno ndiyo maana hukukiona.

Kuhusu kitufe cha kidokezo, msimamo wangu ni mkali kidogo. Gemu nyingi hukijaza tena baada ya muda, kwa hiyo hakikugharimu chochote, na ndiyo maana watu hukibonyeza kila wanapokwama kidogo. Ukifanya hivyo umejinyima mchezo wenyewe. Mimi nakiacha kwa jambo moja: kitu nisichokijua sura yake. Gemu hizi zimetengenezwa na watu wa nchi za baridi, na orodha zao zina viatu vya kutelezea barafuni, matunda ya mwaloni, koni za misonobari, vifaa vya kuchochea moto wa sebuleni. Mtu aliyekulia Ujiji hana haja ya kujilaumu kwa kutovijua. Weka kamusi karibu, ile ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili inatosha sana, na jina lenye maana mbili litafutie vitu vyote viwili. Kubofya ovyo ukitegemea bahati hakusaidii, kwani gemu nyingi zinakuadhibu: ukibofya hewa mara nyingi, zinakupunguzia muda au zinakifungia kipanya kwa sekunde kadhaa.

Sasa nije kwenye upelelezi wenyewe, maana naona wengi wanaruka mazungumzo ili wawahi picha inayofuata. Hasara wanayoipata ni kubwa. Kwenye Criminal Case, kwa mfano, kila ushahidi unaoupata hukuongezea sifa moja ya muuaji: kundi lake la damu, kama anavuta sigara, kama amegusa kemikali fulani, umri wake. Washukiwa nao wana wasifu wao. Chukua daftari, chora jedwali: majina ya washukiwa upande mmoja, sifa juu. Kila sifa ikipatikana, weka alama, kata asiyehusika. Kabla gemu haijakuambia umkamate nani, wewe umeshajua, na ukimkamata unajua kwa nini. Kwenye gemu zenye hadithi ndefu daftari linafaa zaidi, kwa sababu namba ya kufungulia kasha la sura ya tano huwa imeandikwa kwenye barua uliyoisoma sura ya pili. Andika kila namba unayokutana nayo, kila tarehe, kila mchoro uliochongwa mlangoni.

Baba mdogo huwa hanikubalii hata kuanza kutafuta kabla hajauliza maswali yake. "Huyu amesema alilala mapema. Mbona taa yake imekwisha mafuta?" Au, "Kiatu kina tope na nje hakuna mvua, huyo ametoka wapi?" Mara nyingine swali lake halina jibu ndani ya gemu, mchoraji alichora tu. Lakini yale yenye jibu yametufikisha kwa mhalifu mapema, na ule mjadala wa kati ya picha moja na nyingine ndio ninaoufurahia kuliko alama zozote. Nakushauri kwa moyo wote utafute mtu wa kukaa naye. Macho mawili yana mazoea yake, na kile unachokipita wewe kila siku mwenzako anakiona papo hapo. Mmoja asome na kushika kipanya, mwingine atazame, kisha mbadilishane.

Kwa mazingira yetu, mimi napendekeza gemu ya kompyuta unayoinunua mara moja kuliko ya bure ya kwenye simu. Za bure zina nishati inayoisha: Criminal Case hukupa 110, na kila eneo la tukio linakula 20, kwa hiyo ni maeneo matano kisha unasubiri au unalipa. Zinahitaji pia intaneti karibu muda wote, na hilo ni bando. Ya kompyuta ukishaipakua inacheza bila mtandao, na haidai mashine kubwa. Kompyuta ya zamani ya ofisini inaibeba bila tabu, mradi skrini iwe safi na mwanga wa dirisha usiipige. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, unapoteza picha uliyokuwa ndani yake. Gemu nyingi hujihifadhi zenyewe unapotoka kwenye eneo au kurudi kwenye menyu, basi jizoeze kurudi kwenye menyu kila unapomaliza eneo moja.

Flashi za kuazimana zenye gemu "zilizofunguliwa", yaani zilizovunjwa ulinzi ili zichezwe bila kulipiwa, ziogope. Nazipokea kila siku hapa kazini kwa ajili ya kuchapisha, najua kinachotembea humo. Kirusi kimoja kinaficha mafaili yako yote na kukuachia njia za mkato tupu, na kama humo ndimo ulimoweka tasnifu yako ya chuo, hakuna gemu inayolipa hasara hiyo.

Macho yatunze. Mtu anayekodolea skrini hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana macho yanakauka na kuwasha. Kanuni ya madaktari wa macho ni rahisi kuikumbuka: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Sisi tuna ziwa, na siku ya anga safi milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, kwa hiyo kisingizio hatuna. Usicheze gizani, na skrini isikae karibu kuliko urefu wa mkono wako.

Kwa wazazi, neno moja. Picha zenye rangi nzuri zisiwadanganye. Criminal Case ina maiti na uchunguzi wa maiti, na Ravenhearst ina mizimu na ukatili. Mtoto wa shule ya msingi mtafutie zile za wizi wa vito, hazina iliyopotea au mnyama aliyetoroka. Atajifunza majina mengi ya Kiingereza bila kulazimishwa, hasa akisoma orodha kwa sauti na wewe ukimwambia kwa Kiswahili, na hataota ndoto mbaya.

Usilipe kabla ya kujaribu. Big Fish kwa miaka mingi imekuwa ikiruhusu kucheza saa moja bure, na saa moja inatosha kuijua gemu. Ndani ya saa hiyo angalia kama vitu vimechorwa kwa mkono wa mtu anayejali, au vimebandikwa tu juu ya picha na kingo zake nyeupe zinaonekana. Angalia kama maneno yanasomeka kwenye skrini yako. Rudia eneo moja uone kama orodha inabadilika, kwa sababu isipobadilika hutarudi tena ukishamaliza. Chagua kiwango cha kawaida, kile kisicho na saa inayokufukuza, halafu anza na kona ya juu kushoto.